Visima vya Mtaa wa LaSalle

Mwaka 1893, kwenye kona ya mitaa ya LaSalle na Washington mjini Chicago, ilikuwa inaanza kazi ya kujenga Soko la Hisa, jengo la ghorofa 13. Wasanifu wake, Dankmar Adler na Louis Sullivan, walikuwa tayari wanajulikana Marekani nzima. Kuhusu msingi, waliamua kutumia njia waliyokuwa wameizoea: kupigilia magogo marefu ardhini kwa nyundo nzito, kisha kusimamisha jengo juu ya vichwa vya magogo hayo.

Lakini upande wa magharibi palikuwa na jirani. Gazeti la Chicago Herald lilikuwa na mitambo yake ya kupiga chapa karibu kabisa na ukuta wa mpaka. Nyundo ya kupigilia magogo ingeitikisa mitambo hiyo siku nzima, wiki hadi wiki, na gazeti la kila siku haliwezi kufunga kazi kumngoja jirani amalize msingi. Adler akaomba ushauri kwa mhandisi wa miaka 63 aitwaye William Sooy Smith. Jibu la mzee huyo lilikuwa jepesi kusema na gumu kutenda: upande huo msipige nyundo, chimbeni visima.

Ili kuelewa uzito wa jibu hilo, inafaa kwanza kuijua ardhi ya Chicago.

Mji huo umekaa kando ya Ziwa Michigan, juu ya udongo ulioachwa na barafu ya zama za kale. Chini ya barabara kuna kifusi, na chini ya kifusi kuna gamba la mfinyanzi mkavu, gumu kiasi, lenye unene wa mita chache tu. Ukilipasua gamba hilo, unakutana na mfinyanzi wa buluu, laini na wenye maji, unaoshuka hadi mita 15 au 20. Baada ya hapo udongo unaanza kukaza tena, hadi tabaka gumu lililoshindiliwa pamoja na changarawe na mawe. Mwamba wenyewe, wa mawe ya chokaa, uko mita 30 na zaidi kutoka juu. Kwa nyumba ya ghorofa mbili au tatu, lile gamba linatosha. Kwa jengo refu, ni kama kuweka jiwe juu ya mkate.

Oktoba 1871 moto uliteketeza katikati ya mji na kuwaacha watu wapatao laki moja bila makazi. Ujenzi mpya ulipoanza, bei ya viwanja ilipanda, lifti zikaenea, na majengo yakaanza kuelekea juu. Mwaka 1873 msanifu mzaliwa wa Ujerumani, Frederick Baumann, alichapisha kijitabu kuhusu misingi. Hakudai kwamba jengo linaweza kuzuiwa lisizame. Alikubali kwamba litazama, akafundisha namna ya kulifanya lizame sawasawa. Kila nguzo ya jengo ipewe kitako chake peke yake, na upana wa kitako ulingane na uzito unaobebwa. Nguzo nzito, kitako kipana. Nguzo nyepesi, kitako chembamba. Hivyo zote zitashuka kwa kiasi kimoja, na kuta hazitapasuka.

Mafundisho hayo yaliendesha mji kwa miaka 20. Mwanzoni vitako vilikuwa mawe yaliyopangwa kama piramidi, yakimeza nafasi kubwa ya chumba cha chini. Katika jengo la Montauk, la ghorofa 10, lililoanza kujengwa 1882, msanifu John Root alilaza reli za chuma kwa kupishana, tabaka juu ya tabaka, akazifunika kwa zege. Kitako kikawa chembamba kwa kimo na kipana kwa eneo, na chumba cha chini kikapata nafasi. Lilikuwa jambo la akili nyingi. Hata hivyo, bado jengo lilikuwa limelala juu ya gamba lile lile.

Adler aliyajua mambo haya kwa uzoefu wake mwenyewe. Jengo la Auditorium, ambalo yeye na Sullivan walilimaliza mwaka 1889, lina mnara wa ghorofa 17 uliounganishwa na sehemu nyepesi zaidi. Ili mnara na sehemu hizo zishuke pamoja, wakati wa ujenzi Adler alijaza vipande vya chuma na matofali katika sehemu za chini za mnara, akizitangulizia uzito ambao ungekuja baadaye. Haikutosha. Sehemu za jengo hilo zimezama zaidi ya nusu mita, na mpaka leo mgeni anayepita humo huhisi sakafu ikiteremka chini ya miguu yake. Jengo la Monadnock, la ghorofa 16, lililomalizika 1891, lina kuta za matofali zenye unene wa karibu mita 1.8 pale chini. Wajenzi walitarajia lizame sentimita 20. Lilizama karibu nusu mita.

Ndipo wahandisi wakarudia njia ya kale ya nguzo za miti. Haikuwa siri mpya duniani. Ukumbi wa mji wa Amsterdam, ambao leo ni kasri la mfalme, uliwekewa msingi mwaka 1648 juu ya magogo 13,659. Gogo lililopigiliwa ardhini hubeba mzigo kwa namna mbili. Ncha yake inaweza kufikia udongo mgumu na kuuegemea. Na ubavu wake wote hushikwa na msuguano wa udongo unaouzunguka. Aliyewahi kung'oa kigingi kilichokaa matopeni anajua nguvu ya msuguano huo. Huko Chicago, stesheni ya Grand Central iliyofunguliwa 1890 ilisimama juu ya magogo, na Adler na Sullivan wenyewe waliyatumia katika jengo la Schiller, lililomalizika 1892.

Magogo yalikuwa nafuu, na kazi yake ilikwenda haraka. Kila pigo la nyundo pia lilikuwa kipimo: gogo likigoma kushuka, fundi anajua limepata pa kushika. Lakini kila njia ina deni lake. Gogo hudumu ikiwa tu limezama majini wakati wote. Maji ya ardhini yakishuka na kichwa chake kikapata hewa, kuvu huanza kulila. Gogo pia haliondoi udongo, bali linausukuma pembeni. Ukipigilia mamia yake katika mfinyanzi, ardhi huvimba na kuta za jirani husukumwa. Na nyundo ni nyundo: inatikisa.

Hapo ndipo anapoingia Sooy Smith. Alizaliwa Ohio mwaka 1830, akasoma chuo cha kijeshi cha West Point, akawa jenerali upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha maradhi yakamtoa jeshini mwaka 1864. Alirudi kwenye uhandisi. Mwaka 1867, kulinda msingi wa mnara wa taa wa Waugoshance katika Ziwa Michigan, alitumia kasha la hewa iliyoshindiliwa, miongoni mwa matumizi ya kwanza ya njia hiyo nchini humo. Mwaka 1879 alikamilisha daraja la Glasgow, Missouri, la kwanza kubwa kujengwa lote kwa feleji, yaani chuma kilichosafishwa. Mtu huyu alikuwa ametumia maisha yake akitafuta mwamba chini ya maji na matope.

Visima vya LaSalle vilichimbwa kwa mikono. Wachimbaji waliingia na sululu na koleo, wakachimba duara hadi kina cha karibu mita moja na nusu. Kisha walisimamisha mbao kuzunguka ukuta wa shimo, wakazibana kwa pete za chuma kutoka ndani. Wakachimba tena kina kama hicho, wakaweka mbao nyingine na pete nyingine, wakaendelea kushuka. Udongo ulipandishwa kwa ndoo na kapi. Yeyote aliyemwona mchimba kisima kijijini akipotelea ardhini, ndoo ikipanda na kushuka juu ya kichwa chake, ameiona kazi hiyo kwa macho.

Walipofika kwenye tabaka gumu, walitanua sehemu ya chini ya kisima ikawa na umbo la kengele. Hesabu yake ni rahisi na nzuri: ukiongeza upana wa duara mara mbili, eneo lake huwa mara nne. Nguzo nyembamba ikapata kitako kipana pale pale penye udongo wenye nguvu. Kisha kisima kikajazwa zege mpaka juu. Hakuna aliyepiga nyundo, na mitambo ya Herald haikutikiswa. Na jambo kubwa kuliko yote: mhandisi aliweza kushuka mwenyewe, akaugusa kwa mkono udongo ambao jengo lake lingeuegemea.

Tunaweza kuuliza: kwa nini mzee huyu, aliyeijua hewa iliyoshindiliwa tangu 1867, hakuileta hapo? Jibu linapatikana New York, tena kwa mwanawe.

Charles Sooysmith, ambaye aliliandika jina la ukoo kama neno moja, alikuwa mhandisi kama baba yake. Miaka ile ile ya 1893 na 1894 alishughulikia msingi wa jengo la bima la Manhattan Life, katika barabara ya Broadway. Chini ya kiwanja hicho hapakuwa na mfinyanzi, bali mchanga uliojaa maji, na chini yake mwamba. Mchanga wa namna hiyo hauchimbiki kwa kisima cha wazi. Ukitoa ndoo moja, nyingine inaingia kutoka pembeni, na jengo la jirani linapoteza msingi wake. Charles alishusha makasha makubwa yasiyo na sakafu, yaliyojazwa hewa kwa nguvu ili maji yasiingie. Watu walifanya kazi ndani yake mpaka wakaufikia mwamba. Ilikuwa kazi ya gharama na ya hatari. Katika ujenzi wa daraja la St. Louis, zaidi ya watu 10 walikufa kwa maradhi yanayotokana na kutoka haraka kwenye hewa hiyo, na Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn, alidhoofishwa nayo kwa miaka mingi.

Basi baba na mwana, katika majira yale yale, walichagua njia mbili, na kila mmoja alikuwa sahihi. Mfinyanzi wa Chicago ulijishikilia kwa muda wa kutosha kuweka mbao. Mchanga wa New York haukungoja hata dakika. Baba hakuhitaji kuwatia watu katika hatari ambayo ardhi yake haikuidai. Mwana hakuwa na njia ya kuikwepa.

Na tazama jambo hili: hata katika jengo lenyewe la Soko la Hisa, visima havikuenea kiwanja kizima. Sehemu kubwa ya jengo ilisimama juu ya magogo, kama ilivyopangwa, kwa sababu huko nyundo haikuwa na madhara. Visima vilikuwa vya upande wa jirani tu. Kiwanja kimoja, mwaka mmoja, njia mbili.

Baada ya hapo visima vikawa desturi ya mji, na wahandisi wa nchi nyingine wakaviita kwa jina la Chicago. Navyo vilikuwa na deni lao. Mfinyanzi laini ulinyemelea kuingia shimoni wakati wa kuchimba, ardhi ya pembeni ikashuka, na jirani aliyeokolewa na nyundo akaweza kupata ufa. Katika karne ya 20 mashine zenye keekee kubwa zilichukua nafasi ya sululu. Bomba la chuma lilishushwa kuzuia udongo, zege likamiminwa, bomba likavutwa juu. Kazi ikawa ya haraka, lakini jicho la mhandisi likaondoka chini.

Gharama yake ilionekana mwaka 1966. Jengo la John Hancock, la ghorofa 100, lilikuwa linapanda mjini humo humo pale nguzo moja ilipoonekana kushuka isivyotarajiwa. Walipochunguza walikuta kwamba ndani ya msingi mmoja, bomba lilipovutwa, zege lilikuwa limenyanyuka nalo na kuacha pengo ambamo udongo uliingia. Ujenzi ulisimama kwa miezi, misingi yote ikakaguliwa, kasoro zikarekebishwa. Jengo limesimama mpaka leo. Tangu hapo hakuna mhandisi makini anayeiamini nguzo ya kuchimba bila kuipima.

Leo majina ya njia yameongezeka na mashine zimekuwa na nguvu. Lakini maswali ni yale ya mwaka 1893. Udongo ukoje, na maji yako wapi? Tabaka gumu liko kina gani? Nani anaishi upande wa pili wa ukuta? Tutajuaje kwamba kilichofukiwa ni kizima? Mjenzi anayetaja njia kabla ya kuyajibu maswali haya ameanza na jibu. Kutoboa ardhi na kuipima kabla ya kuchora ramani ni gharama ndogo sana ukiilinganisha na sakafu inayoteremka kwa zaidi ya miaka 130.

Soko la Hisa lenyewe lilibomolewa mwaka 1972. Mpiga picha Richard Nickel, aliyekuwa akiokoa mapambo yake, aliangukiwa na kifusi akafa humo. Ukumbi wa biashara ulijengwa upya ndani ya jumba la makumbusho la Art Institute, na nje ya jumba hilo limesimamishwa tao la mlango mkuu. Watu hupiga picha chini yake na kuondoka. Wahenga wetu walisema nyumba njema si mlango. Somo kubwa la jengo hilo lilikuwa chini, upande wa magharibi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupiga picha.