Chombo na Mwendo wa Chakula Katika Nchi ya Singida

Historia ya chakula cha taifa haikamiliki kwa kutaja mazao peke yake. Vyombo navyo hutoa ushahidi. Katika nyanda za Singida, zilizoinuka takriban mita 1,500 juu ya bahari, Wanyaturu, Wanyiramba na majirani zao walijifunza kwa kazi kwamba kila chakula kina namna yake ya kumiminika, na chombo hakina budi kuifuata.

Tuanze na maziwa. Yakiwa mapya hutiririka kama maji, na kibuyu cha shingo nyembamba huyafaa. Yakishaganda hukataa kutoka hata chombo kiinamishwe. Yakitikiswa hulegea na kumiminika. Asali ina tabia nyingine: kuitikisa hakufai kitu, joto ndilo huilainisha. Wakati wa baridi ya Juni na Julai huwa nzito, na pengine huganda chembechembe. Chombo chake chahitaji mdomo mpana na kifuniko kinachobana, kwani asali huvuta unyevu wa hewa, na maji yakizidi huchacha.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 baada ya kupita Manyoni na Itigi, ilifungua njia ya biashara ya mbali. Debe la mafuta ya taa, lenye ujazo wa lita 18 hivi, likawa chombo na kipimo kwa pamoja. Halivunjiki, na hupangika vizuri garini. Lakini asali ina uchachu wa asili. Ikikaa katika bati lenye kutu hubadilika rangi na ladha, na bei yake huanguka.

Leo zao linaloutambulisha mkoa huu ni alizeti. Mafuta yake hayana uzito wa asali. Humiminika kwa wepesi, na hata chupa ya mdomo mdogo huyatosha. Aghalabu huuzwa kando ya barabara, katika vyombo vya plastiki vinavyopitisha mwanga. Mnunuzi hupenda kuona anachonunua. Hata hivyo jua huyaharakisha mafuta kuvunda. Jasho la mkulima la msimu mzima laweza kupotea hivyo. Kibuyu, ambacho ndani yake ni giza, hakikuwa na kasoro hiyo, ingawa kukisafisha ni taabu na hakina kipimo maalumu.

Basi mwalimu aweke mezani kibuyu, debe na chupa, awaulize wanafunzi: chakula hiki humiminikaje, na nini hukiharibu? Kwa maswali hayo wazee walichagua vyombo vyao. Nasi yatupasa kuvichagua vyetu vivyo hivyo.