Bibi Akisahau, Sisi Tukumbuke



Biharusi huulizwa kama anajua kupika. Nadra aulizwe kama ataweza kuishi na mavyaa aliyeanza kumsahau jina. Leo twende Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, tukajifunze kwa mabibi wa huko. Si wageni kwetu: katika karne ya 19 misafara ya pwani, ikipitia Tabora, ilifika Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika ufalme wa Karagwe.

Bibi wa huko mwenye miaka 80 ameona mengi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvamia mkoa wake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera. Mabibi wakazika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu. Mwaka 1994 wakaingia wakimbizi wa Rwanda. Ukimuuliza bibi wa Kyerwa anakaa wilaya gani akajibu "Karagwe", usimcheke. Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na yeye hakuhama!

Lakini kuna kusahau kwingine, kwa maradhi ya ubongo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, karibu na mwaka 2010, ulikuta takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana maradhi haya. Nchini mwetu wapo vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi. Kwa hiyo, dada, mzee akiongea peke yake au akipotea njia, usikimbilie kunong'ona. Mpeleke hospitali.

Kagera mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Bibi akikukaribisha mara tatu asubuhi moja, tafuna mara tatu. Mkicheka, mcheke pamoja naye.

Suratun Nahl inataja umri ambao mtu harejei kujua alichokuwa akikijua, na Suratul Israa inatukataza hata kuwaguna wazazi wakizeeka. Basi muulize sasa, akili ikiwa bado timamu: nani amuoshe, azikwe wapi, nani anamdai. Siku ikifika, kaa karibu, mshike mkono, mkumbushe shahada kwa sauti ya chini. Hata kama jina lako limemtoka, mkono wako ataujua.

Mungu atujaalie mwisho mwema. Amin.