Nyambizi za Australia zinazeeka, warithi wake bado wako mbali

Jeshi la Majini la Australia lina nyambizi 6 tu, zote za aina ya Collins. Ya kwanza iliingia kazini 1996, ya mwisho 2003. Kwa hesabu za awali, zilipaswa kuanza kustaafu katikati ya miaka ya 2020. Sasa zitalazimika kuendelea kuzama na kuibuka hadi ndani ya miaka ya 2030, kwa sababu zile za kuzirithi hazijafika, na kwa zaidi ya miaka 10 serikali zilizopokezana mjini Canberra zimekuwa zikibadili mawazo kuhusu nyambizi ipi hasa inatakiwa.

Kwa nini haiwezi kuendelea tu?

Meli ya kawaida ikizeeka hushika kutu na injini yake huanza kusumbua, lakini bado inaelea. Nyambizi ina shida ya ziada. Kila inaposhuka, maji hulibana gamba lake la chuma kutoka pande zote, na kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Inapopanda, chuma hulegea tena. Jambo hilo likirudiwa kwa miaka 30, chuma huchoka, hasa pale vipande vilipoungwa. Ndiyo maana wahandisi huipangia kila nyambizi umri wa kuishi tangu ikiwa kwenye michoro. Umri huo unaweza kuongezwa, ila kwa ukaguzi mkubwa na gharama kubwa.

Kisha kuna vipuri. Kila Collins ina injini 3 za dizeli za kampuni ya Hedemora ya Sweden, na injini hizo zimekuwa chanzo cha usumbufu kwa miaka mingi. Kufikia 2011 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ilimwita mtaalamu wa Uingereza, John Coles, kuchunguza kwa nini nyambizi zilikuwa zikikaa karakana kuliko baharini. Baada ya ripoti yake mambo yalitengemaa: matengenezo makubwa ya mjini Adelaide, yaliyokuwa yakichukua miaka 3, yakapangwa kumalizika kwa miaka 2. Hata hivyo, kukarabati vizuri hakurudishi ujana.

Kutoka Tokyo hadi Paris, kisha Washington

Mwaka 2009 serikali ilitangaza kwamba inataka nyambizi mpya 12. Miaka ikapita bila mkataba. Waziri Mkuu Tony Abbott aliitazama zaidi Japan, lakini baadaye ukafanyika ushindani rasmi kati ya Japan, Ujerumani na Ufaransa. Aprili 2016 Ufaransa ikashinda. Kampuni yake, ambayo leo inaitwa Naval Group, ingesaidia kuunda Adelaide nyambizi 12 za dizeli na umeme. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola bilioni 50 za Australia. Kufikia 2021 makadirio yalikuwa yamekaribia bilioni 90.

Septemba 2021 Waziri Mkuu Scott Morrison aliufuta mpango huo na kutangaza ushirikiano na Marekani na Uingereza, uitwao AUKUS, ambao ungeipatia Australia nyambizi zinazoendeshwa kwa nyuklia. Ufaransa ilikasirika hadi ikawaita nyumbani mabalozi wake wa Canberra na Washington. Mwaka uliofuata Australia ilikubali kuilipa Naval Group euro milioni 555. Kwa jumla mpango wa Kifaransa uliigharimu Australia takriban dola bilioni 3.4 zake, na haikupata hata nyambizi moja.

Hoja ya kubadilisha ilikuwa na uzito wake. Nyambizi ya dizeli hutumia betri ikiwa chini, na mara kwa mara ni lazima ipande karibu na uso wa maji na kutoa bomba la hewa ili kuwasha injini na kuzichaji. Hapo ndipo inapoweza kuonekana. Ya nyuklia haina haja hiyo. Chakula cha wanamaji ndicho huisha kwanza. Kwa nchi ambayo nyambizi zake husafiri maelfu ya kilomita kabla ya kufika zinakotakiwa, tofauti hiyo ni kubwa. Lakini kila uamuzi mpya uliirudisha saa nyuma, huku chuma cha Collins kikiendelea kuhesabu miaka.

Ahadi yenye masharti

Mpango kamili ulitangazwa San Diego Machi 2023. Mapema miaka ya 2030 Australia inunue nyambizi 3 za aina ya Virginia kutoka Marekani, na inaweza kuongeza 2. Baadaye iunde Adelaide aina mpya iitwayo SSN-AUKUS, iliyosanifiwa na Uingereza, ya kwanza ikikamilika mapema miaka ya 2040. Bei iliyotolewa ni kati ya dola bilioni 268 na 368 za Australia hadi miaka ya 2050.

Wasiwasi mkubwa uko kwenye viwanda vya Marekani. Jeshi lake la majini linataka nyambizi 66 za mashambulizi, nalo lina takriban 50. Lengo ni kuunda Virginia 2 kwa mwaka, lakini katika miaka ya karibuni viwanda vya Groton na Newport News vimekuwa vikitoa karibu 1.2. Ili Australia nayo ipate, kasi ingefaa kufikia kama 2.3. Wafanyakazi wenye ujuzi hawatoshi. Isitoshe, viwanda hivyohivyo vinaunda aina ya Columbia, itakayorithi nyambizi kongwe za Ohio zinazobeba makombora ya nyuklia, na hiyo ndiyo iliyopewa kipaumbele.

Kwa hiyo kila Virginia itakayohamia Australia itakuwa imepungua kwenye kikosi cha Marekani. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani Desemba 2023 inamtaka rais, angalau siku 270 kabla ya kukabidhi, athibitishe kwamba hatua hiyo haitadhoofisha uwezo wa nchi yake chini ya bahari. Rais atakayetia saini hiyo leo hajulikani. Australia, kwa upande wake, imeahidi kuchangia dola bilioni 3 za Marekani ili kuvisaidia viwanda hivyo.

Uingereza, mshirika wa pili, nayo ina mzigo wake. Nyambizi zake 4 za Vanguard zilisanifiwa kudumu miaka 25, lakini HMS Vanguard yenyewe imekuwa kazini tangu 1993. Ukarabati wake ulioanza mwishoni mwa 2015, uliokadiriwa kuchukua miaka 3, ulimalizika 2023. Kwa kuwa nyambizi moja ni lazima iwe baharini wakati wote, wanamaji wamelazimika kukaa chini ya maji zaidi ya miezi 5 kwa safari moja.

Watu wako wapi?

Suala hili huzungumzwa kidogo kuliko fedha, ingawa pengine ndilo gumu zaidi. Collins moja huendeshwa na wanamaji wapatao 58; Virginia huhitaji zaidi ya 130. Australia haina hata kituo kimoja cha umeme wa nyuklia, ila mtambo wa utafiti wa Lucas Heights, Sydney. Maafisa wake wameshapelekwa kusoma katika vyuo vya Marekani, na kuanzia 2027 nyambizi za Marekani na Uingereza zimepangwa kukaa kwa zamu katika kambi ya HMAS Stirling karibu na Perth, kwenye Bahari ya Hindi, bahari ileile inayopiga pwani ya Mombasa na Dar es Salaam.

Wakati huo wote kazi itabaki kwa Collins. Kwa ratiba iliyotangazwa, HMAS Farncomb ndiyo ya kwanza kufanyiwa ukarabati wa kuongezewa umri, kuanzia 2026, kwa miaka 2. Iliingia kazini 1998. Ikiongezewa miaka 10 iliyokusudiwa, itastaafu ikiwa na takriban miaka 40.