Mbwa wa Maboma ya Nyanza Kusini

Aendaye Thimlich Ohinga, boma la mawe lililo katika kaunti ya Migori, lililojengwa yamkini katika karne ya 16 bila udongo wala chokaa, na ambalo mwaka 2018 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, sharti ainame ili apite malango yake mafupi, yaliyokusudiwa kumdhili adui. Na katika maboma ya Wajaluo wenyeji yaliyo jirani, amlakiye mgeni kwanza aghalabu si mtu bali ni mbwa: mdogo, mwekundu wa udongo, manyoya mafupi, masikio yamesimama, akiinuka kutoka jivuni mlangoni pa jiko.

Mbwa huyu Wazungu wa zama za ukoloni walimwita “shenzi”, na mimi nalichukia jina hilo. Ndugu yake wa Kongo alitwikwa jina la asili hiyo hiyo, basenji. Nao Waingereza, walipomwonyesha London mwaka 1895, wakamwita teria wa Kongo, yaani wakamweka katika jamaa ya mbwa wao wadogo wafukuao mashimo kumfuata mbweha. Mwaka 1959 mfugaji wa basenji, Veronica Tudor-Williams, alisafiri hadi kusini mwa Sudan kutafuta damu safi ya mbwa hao, katika nchi ambako wahenga wa Wajaluo walitoka, wakalifuata bonde la Naili, na mifugo yao, hata wakafika Ziwa Viktoria. Kumbe kilichotafutwa kwa gharama kubwa hivyo hulala bure katika kila boma la kaunti jirani ya Homa Bay!

Kazi yake ya kale ilikuwa usasi. Katika bonde la Lambwe, lililo katika kaunti hiyo, ambalo mbung'o na malale viliwafukuza wakulima na kuwaachia wanyama nafasi, mbwa alimwinua paa katika nyasi ndefu akamsukuma kuelekea mikukini. Sehemu ya bonde hilo ikawa hifadhi mwaka 1966, na mwaka 1983 ikafanywa mbuga ya taifa ya Ruma. Uwindaji nao ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku Kenya nzima mwaka 1977. Tangu hapo mbwa huyu hulinda kuku dhidi ya nguchiro na mahindi dhidi ya nyani.

Ama hulka yake, si ya kujipendekeza. Humshuku mgeni, huhesabu watu wa nyumbani mwake, na hukata shauri mwenyewe. Ukimwita naye amesikia mtikisiko kichakani, atakutazama mara moja, kisha atakwenda kichakani.

Serikali ilipoanza mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa, Homa Bay ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo. Siku ya chanjo watoto huja wakiwavuta mbwa kwa kamba za katani, nao hushikilia ardhi kwa miguu yote minne. Sindano ikitoka, kamba ikilegea, mbwa hushika njia ya nyumbani, mtoto akimfuata nyuma.