Wauguzi na vipimo vya mapema katika vitengo vya dharura

MGONJWA anapofika katika kitengo cha dharura, anayemkagua kwanza aghalabu si daktari bali ni muuguzi. Jukumu la muuguzi huyo ni kupima uzito wa hali ya kila mmoja na kuamua nani atangulie kuhudumiwa.

Katika mfumo uliobuniwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1990, mgonjwa huwekwa katika rangi moja kati ya tano. Wa rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, ilhali wa kijani anaweza kungoja hadi saa 2.

Ni muda huo wa kungoja ambao umefanya hospitali nyingi ulimwenguni kuwaruhusu wauguzi kuagiza baadhi ya vipimo. Damu au mkojo ukipelekwa maabara mapema, daktari humpokea mgonjwa majibu yakiwa tayari.

Mfano ulio wazi ni wa maumivu ya kifua. Miongozo ya wataalamu wa moyo nchini Marekani hutaka umeme wa moyo upimwe na majibu yasomwe katika muda wa dakika 10 tangu mgonjwa afike. Mshipa wa moyo ukiziba, misuli huendelea kufa mgonjwa akiwa angali kwenye foleni.

Vivyo hivyo, mwanamke wa umri wa kuzaa anayelalamikia maumivu ya tumbo hupimwa mimba, kwani mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi inaweza kupasuka na kumuua.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina mipaka. Muuguzi hufuata maagizo yaliyoandikwa na kuidhinishwa mapema na madaktari, yanayoeleza ni dalili zipi zinahitaji kipimo kipi.

Kanuni nzuri pia huzuia vipimo visivyofaa. Mwaka wa 1992, Dkt Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni kuhusu majeraha ya kifundo cha mguu. Mwenye maumivu hapo hupigwa picha ya eksirei iwapo tu mfupa unauma ukibonyezwa katika sehemu maalumu, au hawezi kutembea hatua 4. Kanuni hizo zilibuniwa kwa ajili ya madaktari, lakini baadaye wauguzi nao walifunzwa kuzitumia.

Bila mipaka hiyo, mgonjwa hutozwa gharama na kupigwa miale pasipo sababu.

Isitoshe, kipimo cha mapema kinaweza kupotosha. Troponini, protini inayoonyesha kwamba misuli ya moyo imeumia, huchukua saa kadhaa kuongezeka katika damu. Jibu la kwanza likiwa la kawaida, huenda kipimo kikahitaji kurudiwa kabla ya mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa hivyo, kipimo hakichukui nafasi ya jicho la muuguzi. Anayehema kwa shida au kupoteza fahamu hapelekwi kwenye foleni kusubiri majibu ya maabara. Hupelekwa kwa daktari mara moja.