Elimu tiba, au mafunzo ya kumudu maradhi?

Mwaka 1998 ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa ripoti kuhusu elimu tiba kwa mgonjwa: mafunzo yanayompa mwenye maradhi ya kudumu stadi za kuishi na ugonjwa wake na kujiangalia mwenyewe. Uzito wa istilahi hiyo uko kwenye "tiba". Mafunzo haya ni sehemu ya matibabu kama ilivyo dawa. Hupangwa, hutengewa muda, na matokeo yake hupimwa. Elimu ya afya tunayoisikia redioni ni jambo jingine, maana hiyo ni ya watu wote.

Faida yake ilionekana mapema. Mwaka 1972 Leona Miller na Jack Goldstein walieleza jinsi hospitali moja ya umma ya Los Angeles ilivyowafundisha wagonjwa wa kisukari na kuwawekea simu ya kuomba ushauri. Waliolazwa walipungua.

Kwa Kiswahili, "elimu tiba" inaweza kumfanya msomaji afikirie masomo ya udaktari. "Kujitibu" ni hatari zaidi, kwa kuwa mtaani maana yake ni kununua dawa bila kupimwa. Mimi nachagua mafunzo ya kumudu maradhi. Mtu humudu jambo ambalo bado lipo na bado ni zito, na kisukari ndivyo kilivyo.

Mtazame anayejichoma insulini. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 mmol/L, mikono hutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio. Aliyefundishwa hajilazi akisubiri ipite. Hukoroga vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, akanywa, akapima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, hurudia. Ikipanda, hula chakula.

Stadi kama hiyo haipatikani kwa kuulizwa "Umeelewa?" Wengi hujibu "Ndiyo, daktari" kwa heshima tu. Muuguzi anayejua kazi yake humpa sirinji: "Mama, hebu nionyeshe unavyofanya nyumbani." Hapo ndipo hugundua kwamba mama huchoma palepale kila siku, ngozi imefanya kinundu, na dawa haiingii mwilini sawasawa. Kumwongezea dozi kabla ya kuliona hilo ni kumhatarisha.

Ndiyo maana natamani kadi ya kliniki iwe na nafasi ya kuandika alichofundishwa mgonjwa na alichoweza kukifanya mwenyewe, kando ya kipimo cha sukari na dozi yake.