Bakteria wasioogopa zebaki

Chuo kimebana, testi zimefuatana, ila leo naomba niwamegee historia kidogo. Najua mwalimu mtarajiwa wa historia kuongelea bakteria ni kuingilia shamba la watu wa baiolojia. Nivumilieni.

Mwaka 1976 kule Ubelgiji, karibu na Liège, watafiti walichota tope kwenye bwawa la majitaka la kiwanda cha zinki. Wakakuta bakteria anaishi raha mustarehe penye metali za kuua wenzake. Leo anaitwa Cupriavidus metallidurans. Siri yake kubwa ni vipampu kwenye ngozi ya seli: metali ikiingia, anaitapika. Mwaka 2009 Frank Reith na wenzake wakaonyesha kuwa akikutana na dhahabu iliyoyeyuka, ambayo kwake ni sumu, anaigeuza chembe za dhahabu. Ndugu zangu wa Geita, msianze kumsaka kwanza, hehe!

Wapo wengine wenye vinasaba viitwavyo mer. Hawa huibadili zebaki ya sumu iliyo kwenye maji ikawa mvuke, ikapaa zake.

Halafu kuna Budel, Uholanzi. Tangu mwaka 1992 kiwanda cha zinki kilianza kusafisha maji ya ardhini kwa bakteria wanaotengeneza salfaidi. Zinki ikishikana na salfaidi inaganda, inazama, inakusanywa na kurudishwa kiwandani.

Sasa angalieni tofauti. Metali haiozi kama ganda la ndizi. Wa Liège akitapika, metali bado imo majini. Wa mer kaihamishia hewani. Wa Budel ndio wameikamata. Kwa hiyo kustahimili sumu sio lazima kuisafisha. Swali la kuuliza ni moja tu: metali imeenda wapi?

Kwa nini nawasumbua? Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani hadi baharini, na tafiti za miaka mingi zimekuta metali nzito kama risasi kwenye tope lake na kwenye mboga za bondeni. Mchicha huo tunaula wote. Zebaki nayo wachimbaji wadogo bado wanaitumia kunasa dhahabu, japo Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Na kwetu Kimbiji ndiko jiji limechimba visima virefu vya maji. Sumu ikishafika chini kule, kuitoa ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo siku mtu akituambia viwanda vije tu, uchafu wataumaliza bakteria, tusimpigie makofi haraka. Budel bakteria walifanya kazi kwa sababu kuna mtambo, kuna wataalamu, na kuna aliyelipa bili. Bakteria peke yao hawamfuati mchafuzi mlangoni. Hiyo kazi ni yetu.

Nawakilisha. Watu wa baiolojia, uwanja wenu!